Nani Kamvika Herode Kanzu?

Honi ndiyo iliyotangulia. Milio mitatu mirefu kutoka ndani ya ukungu, upande wa barabara ya Njombe, na nyuma yake gia ikilia kama ng'ombe aliyezama topeni. Gari lenyewe hatukuliona. Asubuhi za Januari pale Makambako ukungu hulala mpaka saa nne, na mtu akinyoosha mkono huagana kwanza na vidole vyake.

"Gia Moja huyo," akasema Mzee Togwa bila kuinua uso kwenye kikombe.

"Na ana jambo," nikasema mimi, nikisuuza vikombe vingine. "Honi moja ni salamu. Mbili, ana mzigo wa mtu. Tatu, ana habari imemjaa mpaka kooni."

"Basi aiteme polepole. Mara ya mwisho alipiga tatu akatuambia kodi ya kichwa imefutwa. Nikachinja jogoo. Jogoo akaliwa, kodi ikabaki."

Kijiwe chetu kilikuwa baraza ya Fundi Pindo, pale njia panda, magari ya Iringa, Mbeya na Njombe yanapopeana pole. Mimi nilikuwa nauza kahawa kwenye ngazi. Fundi Pindo alikaa mlangoni na cherehani yake. Jina lake hasa ni Shaweji, Mngoni wa Songea, na kwa kuwa Waislamu wa Makambako hatukuzidi ishirini, tukihesabu na wasafiri, yeye ndiye aliyekuwa akituswalisha katika kibanda cha nyasi nyuma ya soko. Mvua ikinyesha, mwenye kusujudu mle hutawadha mara ya pili bila kupenda. Miaka minne Fundi alikuwa anaomba kiwanja cha msikiti wa matofali. Miaka minne aliambiwa angoje. Sasa Jumbe Manase alikuwa amesema ndiyo: Jumamosi saa tatu atakuja na vigingi. Na siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi.

Mzee Togwa ni Filemoni, Mbena, mzee wa kanisa la Kilutheri. Kanisani kwao ulanzi, pombe ya mianzi, ni dhambi, kwa hiyo ule wa kwake yeye huuita togwa. Na pembeni ya ngazi, na jiko lake la viazi vya kuchoma, alikuwa Mama Hulda, ambaye hajanunua neno hata moja la mtu bila kulipima kwanza.

Gia Moja akatokea ukunguni, tope mpaka magotini. Hakutoa salamu. Nikamnyooshea kikombe, akakisukuma.

"Leo sinywi kahawa."

"Kiama," akasema Togwa.

"Fundi, acha hiyo cherehani. Wewe ndiye shehe wetu. Sikiliza."

"Nasikia kwa masikio, nashona kwa miguu. Sema."

"Tumetukanwa."

"Nani katukanwa?" nikaruka mimi.

"Waislamu! Wote! Wewe, mimi, na baba zetu makaburini! Siku ya Krismasi, pale shule ya misheni Njombe, wamecheza mchezo uwanjani. Watu wamejaa mpaka juu ya miti. Bwana Shauri, mzungu wa Boma, yuko mbele kabisa na mkewe na viti vyao vya kukunja. Akatoka mfalme mmoja muuaji, mtu mbaya kuliko wote mchezoni, anaitwa Herode. Mnajua kavaa nini?"

"Taji," akasema Togwa.

"Kanzu! Kanzu nyeupe na kofia! Na tasbihi mkononi!"

Cherehani ikasimama.

"Tasbihi?" akauliza Fundi Pindo. "Na tasbihi tena?"

"Na tasbihi! Tena anaihesabu huku anaamuru watoto wakatwe vichwa. Watu wanacheka! Bwana Shauri anacheka mpaka bomba lake la tumbaku linaanguka!"

"Tasbihi hakuna," Mama Hulda akasema, akigeuza kiazi. "Mimi nilikuwepo. Krismasi nilikula kwa dada yangu, kijijini Yakobi, na binti yake Lucia ndiye alikuwa Bibi Mariamu. Mkononi Herode alikuwa na fimbo."

"Na kanzu je?"

"Kanzu alivaa."

"Mmesikia!" Gia Moja akapiga ukuta kwa kiganja, vumbi likadondoka kwenye kahawa. "Shahidi huyo, tena Mkristo!"

"Punguza moto, mwanangu," akasema Togwa. "Ni mchezo tu."

"Mchezo tu? Mzee, mimi nikikusanya watu hapa, nikamvika shetani joho la mchungaji wako, nikampa na kitabu kwapani, utasema ni mchezo tu?"

Togwa akafikiri. "Mchungaji yupi? Maana tumepata wawili."

"Mkuki kwa nguruwe, mzee! Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!"

"Nguruwe tena? Si mlisema hamumtaki mdomoni?"

Hata Fundi angecheka siku nyingine. Yeye na Togwa, Mngoni na Mbena, ni watani tangu babu zao walipoacha kuchomana mikuki, na Togwa asipomwambia Fundi kwamba Wangoni waliiba hata jina la ng'ombe wao, siku haijaanza. Lakini Fundi siku hiyo hakucheka. Alikuwa anakanyaga cherehani tena, kwa nguvu. Nikatazama chini ya sindano. Hapakuwa na kitambaa.

"Nani katengeneza mchezo huo?" nikauliza.

"Mwalimu Enoki."

Togwa akaweka kikombe chini. "Enoki mkwe wa Jumbe Manase? Aliyemwoa Ema?"

"Huyo huyo. Nikimtia machoni leo nitamfanya kitu ambacho hata Herode hakukijua."

"Basi tulizaneni," akasema Togwa, na utani ukamtoka usoni. "Jumamosi ni kesho kutwa. Vigingi viko kwa Jumbe. Mkimvamia mkwe wake leo, kiwanja kitarudi kuwa shamba la mahindi. Miaka minne, Shaweji. Hilo unalijua."

"Nalijua," akasema Fundi.

"Kiwanja cha kununuliwa kwa aibu sikitaki!" Gia Moja akanguruma. "Nakusanya vijana, tunapanda gari, tunakwenda Njombe."

"Vijana gani?" nikamuuliza, maana hata hasira inataka hesabu. "Waislamu wa Makambako tukibanana tunaenea kwenye kabini yako."

"Basi tunawagomea! Kuanzia leo gari langu halibebi kiazi cha Mlutheri."

"Utabeba nini, mwanangu?" akasema Togwa. "Njombe nzima viazi vyote vimebatizwa."

"Nitabeba vya Wakatoliki!"

"Hivyo vimebatizwa mapema zaidi."

Fundi Pindo akakohoa, akatumia sauti ile ya Ijumaa. "Ndugu zangu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitupiwa taka njiani kila siku na mtu mmoja. Siku taka zisipotupwa akauliza, jirani yangu ana nini? Akaambiwa mgonjwa. Akaenda kumtazama. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Subira."

Ni kisa kinachomnyamazisha mtu.

"Shehe," akasema Gia Moja, "Mtume ni Mtume. Mimi ni dereva."

"Hasira hasara."

"Basi tusipigane. Tusome Albadiri."

Fundi alikuwa ameinua kikombe. Mkono ukaganda hapohapo.

"Ndiyo!" Gia Moja akaendelea, macho yakimng'aa. "Leo usiku ni usiku wa Ijumaa. Tukae chini, ubani, tusome. Impate aliyeivaa kanzu ile, aliyemvalisha, na aliyeitoa! Maana hapa kuna Mwislamu mwenzetu kaitoa. Mlutheri atapata wapi kanzu? Impate huyo kwanza, avimbe tumbo mpaka apasuke kwenye mishono!"

Kahawa ikapita njia mbaya. Fundi Pindo alikohoa mpaka Mama Hulda akamgonga mgongoni kwa mwiko.

"Albadiri si ya kuchezea," akasema Fundi alipopata pumzi. "Hailengi kama bunduki. Huenda... huenda ikampata mtu aliyetoa kwa nia njema."

"Nia njema gani ya kumvika Herode?"

"Nasema huenda."

Hapo mimi nikaona mambo yanapoa, na mambo yakipoa kwenye kahawa ya mtu ni hasara ya mwenye kahawa. Tena damu yangu ilikuwa imechemka kweli. Nguo ninayosimama nayo mbele ya Mola wangu itolewe uwanjani kuchekwa? Nikatoa karatasi mbili kwenye sanduku la vikombe, na kalamu.

"Barua," nikasema. "Kwa Bwana Shauri. Tunashtaki. Gari linaondoka kurudi Njombe mchana huu, barua inalala Boma leo. Mimi naandika, Shehe anatia sahihi."

"Umenena!" akasema Gia Moja.

Niliandika nikiwa nimepiga goti moja, na sikumbuki kuandika kitu kizuri namna ile tangu hapo. Nilimwita Mwalimu Enoki nyoka aliyejikunja ndani ya chaki. Nikaandika kwamba sisi ni wachache kama chumvi, lakini chumvi haimwagwi njiani. Na mwisho, kwa kuwa barua kavu haimfikii mtu moyoni, nikatia mistari miwili:

*Nguo tuvaayo Idi, kumsujudia Mola,*
*Mwamvika mkaidi, mtu asiye na sala.*

Nikawasomea. Gia Moja akanibusu kipajini.

"Mashairi peleka harusini," akasema Mama Hulda. "Bwana Shauri hasomi Kiswahili, anatafsiriwa na karani. Karani akishamaliza hayo, mzungu ataelewa kwamba mnaomba sabuni."

"Mama Hulda, hujui lugha."

"Najua wanaosoma. Mwaka juzi mume wangu aliandikia Boma kuhusu nguruwe pori waliokula shamba. Wakamjibu kwamba hana leseni ya kufuga nguruwe."

"Sahihi, Shehe," akasema Gia Moja, akimnyooshea kalamu. "Bila sahihi yako ni karatasi tu. Wewe ndiye Boma wanayemjua."

Fundi Pindo akaichukua barua. Akaisoma. Akaisoma tena. Akasema wino ni mwepesi. Nikampa mwingine. Akasema herufi ndogo, macho yake ya sindano yamechoka. Nikamsomea kwa sauti. Akasema huenda Alhamisi si siku ya kutia sahihi.

"Aya gani hiyo ya Alhamisi?" akauliza Gia Moja.

"Ni... desturi ya mafundi."

"Mwacheni," akasema Togwa. "Shaweji anafikiria vigingi. Mimi ni Mkristo, ila ninyi mkipata msikiti wa matofali, na mimi nitapata pa kujikinga mvua nikitoka sokoni. Acheni mtu afikiri."

Gia Moja akakaa. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ikashuka.

"Fundi. Mimi nina binti, Zamda. Anakaa Njombe kwa shangazi yake ili asome, na ni shule hiyohiyo. Jana nimemkuta hataki kwenda kisimani. Namuuliza, anaficha. Shangazi mtu ndiye kaniambia. Tangu Krismasi, watoto wakimwona na mtandio wake wanaimba, Binti Herode, Binti Herode. Hata mdogo wa miaka minne anaimba. Sasa mzee huyu ananiambia ni mchezo tu. Wewe unaniambia subira. Haya. Niende nikamwambie Zamda kwamba shehe wetu anangoja wino ukolee?"

Togwa akavua kofia akaikunja mapajani. Fundi Pindo alishika kalamu, uso wake umekuwa wa majivu, akainamia karatasi. Ncha ikagusa.

Naapa angetia sahihi. Angejimaliza mwenyewe kimyakimya, na kiwanja pamoja naye. Lakini Mama Hulda alidhani anasaidia.

"Mimi msinielewe vibaya," akasema. "Mtoto kuimbiwa ni vibaya, nitamwambia dada yangu awakanye watoto. Lakini hiyo kanzu isiwatoe roho. Wala haikuwa kanzu ya maana. Shingo imekwenda upande kama imeshonwa juu ya lori. Mishono imetambaa. Aliyeishona nadhani alikuwa anafukuzwa."

"Shingo imekwenda upande?" akasema Fundi, polepole.

"Upande kabisa. Kushoto juu, kulia chini. Nilimwambia dada, tazama, Herode kashonewa na mlevi."

"Shingo haikwenda upande!" Fundi Pindo akasimama, kiti kikaanguka. "Darizi ya shingo ile nimeikalia siku tisa! Kwa mkono! Sindano namba kumi! Ni yule Sila wenu aliyeivaa ndiye ana bega moja chini kwa kubeba magome ya miti ya miwati! Nilimwambia Mwalimu, huyu nimempima mara mbili, bega lake la kulia limeanguka vidole vitatu, nguo yoyote ukimvika itamsaliti! Nikamwekea pamba begani! Pamba wameitoa! Wameitoa!"

Mate yalikuwa yamemjaa ndevuni. Kisha akatutazama, mmoja mmoja. Kisha akaketi, akakumbuka kiti kimeanguka, akakaa sakafuni.

Kiazi kikapasuka jikoni, sote tukashtuka.

"Shehe," akasema Gia Moja, kwa sauti ya mtu anayegusa jeraha. "Kanzu ile ni ya nani?"

"Yangu."

"Ya Idi?"

"Ya Idi."

Ndipo nikakumbuka. Ijumaa kadhaa mfululizo Fundi alikuwa ametuswalisha na kanzu ya zamani, ile yenye doa la mafuta ya cherehani, akisema nzuri anaihifadhia siku ya kiwanja. Nami nilimsifu kwa busara yake!

"Ukistaajabu ya Musa," akasema Togwa, akitikisika mabega, "utayaona ya Firauni."

"Usicheke, Mbena wewe. Nilikwenda kushona sare za shule mwezi wa kumi na moja. Mwalimu Enoki akanijia kwa adabu, mikono nyuma. Akasema, Fundi, nina mfalme hana nguo. Nikamwambia, mfalme gani? Akasema, wa Yerusalemu. Sasa mimi wafalme wa Yerusalemu nawajua. Nabii Daudi. Nabii Suleimani. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, leo watoto wa misheni wataona Nabii Suleimani amevaa vizuri! Kwa nini mfalme yule mtukufu asimame mbele ya watu na kaptula ya shule? Nikampa iliyo bora. Sikutaka hata senti. Nilitaka thawabu."

"Hukuuliza jina?"

"Mtu ana wafalme wawili kichwani, wote wema, atauliza jina la nini?"

Togwa alikuwa analia machozi. "Na mimi siku zote najiuliza zimetoka wapi," akasema akijifuta. "Kwenye picha zetu za kanisani wote wana kanzu. Petro kanzu. Yohana kanzu. Yusufu kanzu."

"Kumbe ninyi ndio mlioazima toka mwanzo," nikasema.

Gia Moja peke yake hakucheka. Alikuwa amekunja uso, anapanga jambo. "Mama Hulda. Huyo Herode. Watoto aliwaua kwa nini hasa?"

"Alikuwa anamtafuta mmoja. Mtoto wa Mariamu."

"Mariamu yupi? Si yule mama yake Nabii Isa?"

"Ndiye huyo. Sisi twamwita Yesu."

"Alitaka kumwua Nabii Isa? Akiwa mchanga?"

"Mchanga wa kunyonya."

"Mshenzi!" Gia Moja akasimama tena, na safari hii hasira ilikuwa mpya kabisa, haijatumika. "Huyu si adui yenu, ni adui yetu! Na nguo zetu ndizo amevaa? Ningekuwepo ningepanda jukwaani!"

"Jukwaa halikuwepo," akasema Mama Hulda. "Ilikuwa uwanjani."

"Ningepanda hivyohivyo!"

Akaichukua barua yangu mkononi mwa Fundi, akaitazama, akampa Mama Hulda. "Fungia viazi."

"Gia Moja!" nikapiga kelele. "Karatasi mbili! Na ubeti!"

"Utaandika nyingine, mdogo wangu. Hii itatufunga sote."

Wakati huohuo ukungu ulikuwa umeanza kupanda, na kutoka ndani yake akaja mtu mwembamba, kaptula imelowa, kifurushi kakikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa.

"Hodi barazani. Kamwene."

"Kamwene, Mwalimu," akajibu Togwa, na akaanza tena kutikisika.

Gia Moja akamkodolea. "Wewe si abiria wangu? Uliyekaa nyuma juu ya magunia?"

"Ndiye mimi. Ahsante kwa safari, bwana dereva. Mashimo uliyachagua yote."

"Gia Moja," akasema Mama Hulda, "ulisema ukimtia machoni Mwalimu Enoki utamfanyaje? Umembeba maili arobaini."

Mwalimu Enoki hakungoja. Akapiga goti mbele ya Fundi Pindo, pale sakafuni, akamkabidhi kifurushi kwa mikono miwili.

"Fundi, nguo yako. Ema ameifua na kuipiga pasi. Nimepita kwanza kwa baba mkwe kusalimu, sikupewa hata maji. Amesema, Enoki, umekwenda kwa mtu ukachukua nguo anayosimama nayo mbele ya Mungu, ukamvika muuaji wa watoto. Jumamosi nitasimamaje mbele yake na vigingi? Amesema nisirudi kula mpaka jambo hili liishe. Nami nimelifikiri njia nzima, juu ya magunia. Wewe ulinipa kwa heshima, mimi nikaitumia kwa kuchekesha. Sikukuambia jina la mfalme, maana nilijua ungekataa. Kosa ni langu."

Fundi akafungua gazeti lililofungia nguo. Akaichunguza shingo, akapitisha kidole kwenye darizi yote, mzunguko mzima. "Imenyooka," akasema, akimtazama Mama Hulda.

"Mwalimu," akasema Gia Moja. "Kuna msichana kwako anaitwa Zamda."

"Namjua. Wa kwanza kwa hesabu."

"Watoto wanamwimbia Binti Herode."

Mwalimu Enoki akatazama mikono yake. "Hilo sikulijua. Shule ikifunguliwa, asubuhi ya kwanza, kabla ya hesabu, nitasimama mbele ya watoto wote niseme nilichokosa. Yeye awepo, asikie."

Gia Moja akaguna. Kisha akachukua kile kikombe alichokikataa asubuhi, akanywa, kimepoa vilevile. Mama Hulda akamfungia Mwalimu viazi viwili. Mwalimu alikuwa na njaa; lakini mwalimu ni mwalimu, akaanza na kusoma karatasi.

"'Nyoka aliyejikunja ndani ya chaki,'" akasoma. Akageuza upande wa pili, akasoma na mistari ya mwisho, midomo ikihesabu. "Nani kaandika haya?"

Wote wakatazama barabara.

"Ni mazuri," akasema.

Nikamjazia kikombe mpaka ukingoni, bure.

"Sasa mwakani," akasema Gia Moja. "Herode huyo atavaa nini? Maana kanzu haigusi tena."

"Ataivaa mmoja wa mamajusi," akasema Mwalimu, "wale wenye busara walioleta zawadi. Fundi akikubali."

"Nakubali. Asiwe Sila."

"Na Herode je? Hawezi kutoka uchi mbele ya Bwana Shauri."

"Herode hasa alikuwa nani?" nikauliza. "Mfalme wa haki, au?"

Togwa akajiweka sawa. Maandiko ni shamba lake. "Hakuwa wa haki. Aliwekwa. Wenye nchi walikuwa Warumi, wanatawala kutoka ng'ambo ya bahari. Wakati ule ikatoka amri watu wote wahesabiwe, kila mtu aandikwe jina lake."

"Waandikwe kwa ajili ya nini?"

"Kodi."

Mama Hulda akatazama upande wa Njombe, iliko Boma. Gia Moja akatazama huko. Mimi pia. Fundi Pindo akanyanyuka sakafuni taratibu, akaingia ndani, akatoka na jora la kaki.

"Fundi," akasema Mwalimu Enoki, kiazi kikiwa nusu ya njia kwenda mdomoni. "Fundi, hapana. Yule hukaa mbele kabisa!"

"Najua anapokaa. Mwezi wa kumi nilimpunguzia kaptula mbili za kaki kama hii. Vipimo vyake ninavyo."

"Atakasirika! Ataona ametukanwa!"

"Akikasirika," akasema Gia Moja, na kwa mara ya kwanza siku ile meno yake yakaonekana yote, "tutamwambia ni mchezo tu."

Kahawa ya Mzee Togwa ikaishia kwenye suruali yake. Fundi Pindo alikwisha kaa, mguu kwenye cherehani, kaki chini ya sindano. Akamgeukia Gia Moja, akainua mkono wenye kikinga sindano cha shaba kidoleni, akasema kwa sauti hata wa sokoni wakasikia:

"Gia Moja, ukifika Njombe mwambie Zamda kwamba Shaweji ameahidi mbele ya watu: Krismasi ijayo Herode ataingia na kaptula ya kaki iliyotiwa wanga mpaka isimame yenyewe, na soksi mpaka magotini. Na shingo ya shati lake, wallahi, haitakwenda upande."